Mtangulizi wa Kitonga

Ukungu ulikuwa bado umeukalia mlima wa Kitonga wakati Mhandisi Rweyongeza wa ofisi ya kampuni aliponipigia na kuniambia, kwa sauti yake ile ya kubembelezea watu wazima kama watoto, kwamba ukipungua nishuke kama kawaida, niseme njia ni safi, basi. Kama kawaida maana yake kichwa kitupu bila tela, mwendo wa kutambaa, mguu wangu mwenyewe kwenye breki. Nikamuuliza kama malori yatakayonifuata nayo yatashuka hivyo hivyo. Akasema swali hilo si la kitengo changu. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Mimi nina kitengo gani kingine zaidi ya mlima huu?

Kazi yangu ni mtangulizi. Ukungu ukifunga Kitonga, hakuna lori linaloruhusiwa kuteremka mpaka mtu mmoja ashuke kwanza, aone kwa macho yake, atie saini. Mtu huyo ni mimi, Subilaga Mwakyambiki, na kituo changu ni Ilula, juu ya mlima, kwenye uwanja wa kampuni ya Mkondo. Mkondo ndio wenye yale malori makubwa ya umeme tunayoyaita Faru. Faru hujiendesha lenyewe. Dereva anakaa ndani kwa sababu sheria inataka awepo binadamu wa kulaumiwa.

Niwaeleze jambo moja, maana bila hilo mtanisikiliza tu kwa heshima. Zamani mtu akitaka habari alimtafuta mwenye habari, akapata namba yake, akampigia. Magari hayawezi mambo hayo. Gari liko Mafinga sasa hivi, ukimaliza kupiga chafya limeshahama. Kwa hiyo magari hayaulizani wewe nani wala uko wapi. Yanataja jina la kitu kinachotakiwa. Lori likikaribia mlima linapaza ombi: hali ya mteremko wa Kitonga? Gari la jirani likiwa na jibu kwenye ghala lake la kumbukumbu, linajibu. Likiwa halina, linakumbuka ombi limetokea upande gani, kisha linalisukuma kwa gari la mbele, nalo kwa la mbele yake, mpaka limfikie mwenye jibu. Jibu linarudi kwa njia ile ile, na kila chombo kilichopitisha kinabaki na nakala. Bodaboda, basi la abiria, pikapu ya vitunguu, wote wanabeba na hawajui wanabeba nini.

Sasa, kama jibu limepita mikononi mwa watu wote hao, utaliaminije? Huangalii aliyekuletea. Unaangalia saini iliyomo ndani ya jibu lenyewe, ya mtu aliyeona. Na jibu la mteremko huchacha upesi kuliko maziwa. Ukungu ukishuka tu, majibu yote ya nyuma hayafai tena, linatakiwa jipya la mtu aliyeteremka baada ya ukungu. Ndiyo maana ya mtangulizi.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, dereva mwenzetu Chelestino Sanga aliteremka na Faru lililojaa shaba. Hakufika chini. Mimi nilikuwa napanda, tukapishana kona za katikati, akanipungia mkono kama alivyozoea. Lori lake likarusha vitu kwenye ghala la langu, likaendelea kurusha hata baada ya kunipita, ndivyo magari yanavyofanya yakipishana. Sikuvitazama mpaka tulipokwisha kumtoa korongoni. Kimojawapo kilikuwa kumbukumbu ya breki zake. Zilipata moto, zikapita kiwango, na kompyuta badala ya kuzidi kukamata ikaamua kwamba kipimajoto kimeharibika, kwa sababu haikufundishwa kwamba breki zinaweza kuwa na moto wa namna ile. Basi ikaziachia ili ijipime upya. Iliziachia kwenye kona ya Kitonga, na shaba yote ile nyuma.

Nililia siku ile, na sioni haya kusema. Kesho yake kampuni ikaufuta ufunguo wa Chelestino, ule unaothibitisha saini yake, ikatangaza kwamba kipimajoto cha marehemu kilikuwa kibovu. Ufunguo wa mtu ukifutwa, kila alichotia saini kinageuka takataka, magari yanakidondosha bila kukipitisha. Nilijaribu kuituma ile kumbukumbu kwa jina lake. Hakuna hata bajaji iliyoipokea. Ilibaki kwangu peke yangu, ya kweli tupu, na haina faida kwa mtu yeyote.

*

Uwanjani walikuwa wamepanga mnyororo wa malori ishirini. Mnyororo ni Faru zilizoshikana kwa mawasiliano, zinakwenda kwa mwendo mmoja na kukamata breki kwa pamoja. Ukishafungwa, usukani wote unakufa na dereva anakuwa abiria mwenye leseni. Akishuka kwenye lori lake, leseni hiyo haioni tena. Na hata wangeshuka wote, malori yangeondoka yenyewe, na chini ya mlima ule kuna soko la vitunguu la Ruaha Mbuyuni, watu wamejaa pande zote za barabara.

Lori la nne katika mnyororo lilikuwa la Ambakisye, mdogo wangu, tumbo moja. Nilimwonyesha kumbukumbu ya Chelestino kwenye kioo cha kompyuta ya lori langu. Akaisoma mara mbili, akakaa chini kwenye ngazi ya mlango.

Alianza kwa kusema tukatae wote. Nikamwambia nikikataa mimi watamleta mtangulizi mwingine kutoka Iringa mjini, kijana wa watu asiyejua kitu, atashuka kichwa kitupu, breki zake hazitapata hata vuguvugu, atasema njia ni safi. Na atakuwa hajasema uongo. Ndiyo ubaya wenyewe wa jambo lile, kwamba wangeweza kuwaua watu ishirini kwa maneno ya kweli matupu.

Ambakisye akafikiri, kisha akashusha sauti.

"Dada, weka saini yako tu. Sema umeshuka na mzigo, breki zimeachia. Si ni kweli zinaachia? Jibu la mteremko hakuna lori linaloweza kulidondosha. Nani atakuuliza?"

Niseme ukweli, kidole gumba kiliniwasha. Mtoto huyu nimembeba mgongoni Tukuyu, nimemfundisha kuendesha, nimemwombea kazi hii mwenyewe. Ilikuwa ni kugusa kioo na kusema maneno mawili. Kompyuta ya jibu ingenikubalia, maana inaamini mtangulizi kuliko inavyoiamini mvua.

Lakini sisi ni watoto wa dereva. Kabla ya malori haya yenye akili, lori likiharibika konani dereva alikata matawi akayatandaza barabarani, hatua kadhaa nyuma ya gari. Ukiyaona majani unapunguza mwendo, huulizi nani kayaweka. Na desturi ilikuwa moja: anayeweka majani ni yule aliyeona gari kwa macho yake. Wakatokea wahuni wakawa wanatandaza majani pasipo na kitu, ili malori yapunguze mwendo wayarukie mizigo. Haikupita muda madereva wakaacha kuyaheshimu. Baba yetu aliyapita majani ya kweli kule Nyang'oro akidhani ni ya wezi, na hakurudi nyumbani. Ambakisye alikuwa mdogo, ila hadithi anaijua vizuri kama anavyojua jina lake.

Nikamwambia nikitia saini kitu ambacho sikukiona, leo nitawaokoa watu ishirini, na kesho kila mtangulizi mwenye ndugu kwenye mnyororo, au mwenye chuki, au mwenye njaa, atatia yake. Mkondo nao watapata walichokuwa wanakitafuta, watasema mnaona, hawa ni waongo, hata marehemu wao alikuwa mwongo. Barabara nzima itakuwa majani ya wezi.

"Kwa hiyo tufe kwa ajili ya desturi?" akaniuliza, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Hapana. Nitashuka nikaone."

Hakunielewa mpaka nilipomwonyesha kwa kidole tela la saruji lililokuwa limeegeshwa karibu na ukuta, limejaa pomoni, linasubiri kichwa kipya. Alipoelewa aliniita mwendawazimu, akaniita na majina mengine ambayo mama yetu asingependa kuyasikia. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia jambo ambalo hata mimi lilinitisha nilipolisikia likitoka mdomoni mwangu: nikishuka na breki zikashika, nitasema zimeshika. Nitatia saini kwamba njia ni salama, naye atapanda lori lake ashuke, na tusilaumiane.

Akasimama, akajipangusa uso kwa kofia, akaenda kuwaita wenzake waje tufunge tela.

*

Mhandisi Rweyongeza alijua kabla hatujamaliza kuunganisha nyaya. Sauti yake ikatoka kwenye spika ya lori langu, na madereva wote wakaisikia, kwa sababu niliacha mlango wazi makusudi. Akaniamuru nifungue tela. Nikamkumbusha kwamba lori la mtangulizi haliendeshwi kutoka ofisini, sheria ya barabara ndiyo inayosema, maana mtangulizi anatakiwa aone bila kushikwa mkono. Na hakuna mahali sheria inaponikataza kubeba saruji.

Akabadili wimbo. Akasema wanaijua hitilafu ile. Mafundi wako kazini, na baada ya muda si mrefu kila Faru litapata programu mpya. Lakini Faru zote zikisimama leo, dawa za hospitali za kusini zinasimama, mafuta ya kupikia yanasimama, watu watakaoumia huko hata hesabu yake haijulikani. Breki zimeachia mara moja tu katika safari nyingi mno. Mnyororo wa leo una kila dalili ya kufika salama. Aliyasema haya taratibu, na nadhani aliyaamini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu mbaya ningemtolea uvivu tukamalizana.

Nikamwambia kama dawa ni muhimu namna hiyo, awaambie madereva waamue wenyewe kama watazishusha Faru kwa mkono, mwendo wa kutambaa, kama nishukavyo mimi. Wataamua, ni watu wazima. Akasema mwendo wa kutambaa mnyororo hauna faida. Nikamuuliza faida ya nani. Mmoja wa madereva nyuma yangu akacheka kwa uchungu.

"Mama Mwakyambiki," akasema mhandisi, "ukifa, itakuwa ajali ya mtangulizi aliyevunja taratibu. Hutakuwa umethibitisha chochote."

"Basi usiniombee nife," nikamjibu, nikafunga mlango.

*

Nilirusha ombi la barabara kuachwa wazi kwa mtangulizi, na ombi hilo kila chombo hulitii. Wanaopanda wakasimama Mahenge, chini kabisa. Ukungu ulikuwa umeinuka hadi usawa wa vilele, lami inameta. Nilipofika ubao wa kwanza wa tahadhari niliondoa mguu kwenye breki, nikaondoa mikono kwenye usukani, nikaliambia Faru: jiendeshe, kama uko kwenye mnyororo.

Watu hudhani mtu jasiri haogopi. Mimi niliogopa mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Nilianza kumwimbia Mungu wimbo wa kwaya, nikausahau ubeti wa pili, nikamtukana Rweyongeza badala yake, kisha nikaomba msamaha kwa yote mawili.

Kona za mwanzo lilizichukua vizuri, kwa kweli vizuri kuliko ningezichukua mimi. Saruji ilikuwa inasukuma, breki zinakamata na kuachia kwa mpango. Kwenye kioo namba ya joto ikawa inapanda. Harufu ikaanza kuingia, ile harufu kali ya breki zilizochoka ambayo dereva yeyote wa nyanda za juu anaijua tangu utotoni. Lakini zilikuwa zinashika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia mdogo wangu kwamba njia ni salama, ashuke. Nilimwona Chelestino mbele ya macho yangu, nikajiuliza itakuwaje kama kipimajoto chake kweli kilikuwa kibovu.

Tukaingia kona za katikati, mahali tulipopishana naye. Namba ya joto ikapita mstari mwekundu, ikakaa juu ya mstari kwa muda wa kuvuta pumzi. Kisha ikatoweka. Mahali pake pakaandikwa: kipimajoto hakiaminiki, inajipima upya. Na lori likawa huru.

Nililisikia kwenye matako kabla ya kuliona, lile kutupwa mbele, kama ngazi ya mwisho gizani ambayo haipo. Nikaushika usukani, nikaliambia Faru liniachie. Liliniachia usukani. Breki halikuniachia, zilikuwa bado zinajipima. Niliukanyaga ule mkanyagio, ukashuka mtupu mpaka sakafuni. Upande mmoja korongo, upande mwingine mwamba uliochongwa, na chini yake mtaro wa maji ya mvua.

Nilichagua mwamba. Nililaza tela ubavuni kwake, magurudumu ya upande ule yakaingia mtaroni, na mlima ukaanza kutula. Sina neno lingine. Ulikula kioo, ukala mlango, ukala bodi ya tela mpaka mifuko ya saruji ikapasuka na ulimwengu wote ukawa mweupe. Bega langu likagonga nguzo ya mlango, nikasikia kitu kikiachana humo ndani. Niliendelea kupiga kelele hata baada ya lori kusimama. Ndipo nikagundua limesimama.

*

Mkono wa kulia ulikuwa haunyanyuki. Nikatumia wa kushoto. Nikafuta vumbi la saruji kwenye kioo, nikafungua jibu la mteremko, nikaweka ndani yake kumbukumbu nzima ya breki tangu ubao wa kwanza hadi mtaroni. Jibu la mtangulizi linatiwa saini kwa kidole na kwa mdomo. Nikakohoa, nikasema:

"Mimi Subilaga Mwakyambiki nimeteremka Kitonga na mzigo, lori likijiendesha. Breki zimepata moto, kompyuta imeziachia. Nimeona. Faru lenye mzigo lisishuke."

Nikaondoa lile ombi, barabara ikafunguliwa. Baada ya muda basi la abiria likapanda kutoka Mahenge, likapunguza mwendo kunipita, abiria wamebanana madirishani wakinitazama nilivyokuwa mweupe kama mzimu. Dereva alitaka kusimama anisaidie. Nikampungia kwa mkono mzima, apande tu, apande. Basi likachukua nakala ya jibu langu bila kujua, likaenda nayo juu.

Rweyongeza alirudi kwenye spika, ambayo sijui mlima uliisamehe kwa nini. Kwanza akauliza kama nimeumia. Aliuliza kwa dhati, na nikamjibu kwa dhati. Kisha akasema jibu langu limefika Ilula na mnyororo mzima umegoma kuondoka, na sasa limeanza kupita Mafinga, Faru zinasimama moja moja pembeni mwa barabara. Akasema hana budi kuufuta ufunguo wangu, kama walivyoufuta wa Sanga.

Nilicheka mpaka bega likaniliza.

"Ufute, mhandisi. Ya Chelestino ilikuwa kumbukumbu ya breki, mkaidondosha, barabara ikaendelea. Langu ni jibu la mteremko. Ukilifuta, mlima hauna jibu, na bila jibu hakuna lori lolote litakalosogea. Utahitaji mtu mwingine ashuke. Na safari hii watakuuliza ashuke na mzigo au mtupu."

Nilisikia anavyopumua, na nyuma yake simu nyingi zikiita katika chumba kimoja. Kisha spika ikakatika. Kwenye kioo changu jina langu likageuka jekundu, ufunguo umefutwa, na pale penye hali ya mteremko wa Kitonga pakabaki patupu.

Ambakisye ndiye aliyenisimulia yaliyofuata huko juu. Sauti ya mhandisi ilitangazwa uwanja mzima: anahitajika mtangulizi wa dharura, kichwa kitupu, mara moja. Madereva wakamuuliza kwa nini kitupu. Akarudia tangazo. Wakamuuliza tena. Mtangulizi kijana wa Iringa mjini, ambaye kampuni ilikuwa imeshamwita, alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kichwa chake, amekiwasha tayari. Akakizima, akashuka, akaenda kusimama na wenzake.

Mimi nilikuwa nimetoka nje, nimekaa juu ya mfuko wa saruji, nilipowasikia. Walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka konani, kundi zima, katikati ya lami, mahali ambapo mtu hathubutu hata kuvuka. Ambakisye alikuwa anakimbia mbele yao. Akanifikia, akapiga magoti, akaligusa bega langu, nikamzaba kofi la mkono wa kushoto kwa kuniumiza, kisha nikamkumbatia, na wote wawili tukalia bila kujali wanaotazama.

Walinifunga mkono kwa shuka. Walitaka kunibeba mpaka Mahenge kwenye zahanati. Nikawaambia zahanati haihami, nitakwenda, ila kwanza tukae. Tukakaa barabarani, katikati kabisa, watu wazima wenye leseni zao mifukoni, migongo yetu imeelekea korongoni na nyuso zetu zimeelekea juu, tunamsubiri mhandisi ashuke mwenyewe aone.